Kabati la gemu la kujiundia: mtaji usiishie kwenye kompyuta

WAFANYABIASHARA wanaofungua vibanda vya gemu Arusha wamezoea kuanza na PlayStation na televisheni, wakiuza mechi moja moja au kwa dakika. Wiki hii ukurasa huu unaangalia bidhaa ya jirani: kabati la gemu la kusimama, lenye kioo, mipini na vitufe, linaloundwa na seremala na kuendeshwa na kompyuta ya kawaida badala ya mtambo wa kiwandani.

Mbao si tatizo katika mji uliopakana na mashamba ya miti ya Meru na Usa, na mafundi wapo kuanzia Ngarenaro hadi Tengeru. Kinachomeza mtaji ni kompyuta inayowekwa ndani. Wengi hununua yenye nguvu kupita kazi iliyopo, na wachache hununua ndogo mno kwa kuogopa bili ya umeme.

Tuanze na kazi yenyewe. Programu ya MAME, iliyoanzishwa na Mwitalia Nicola Salmoria mwaka 1997, huifanya kompyuta ijifanye mtambo wa gemu wa zamani. Mzigo wa kazi hiyo hubebwa na prosesa, si kadi ya picha. Tena prosesa ikiwa na viini vingi, gemu nyingi hutegemea zaidi kasi ya kiini kimoja. Ndiyo maana muuzaji anayekusifia kadi kubwa ya picha anakuuzia kitu ambacho Pac-Man ya mwaka 1980 au Street Fighter II ya mwaka 1991 hazitakigusa.

Kwa gemu za namna hiyo, kompyuta ya ofisi iliyotumika, kama Dell OptiPlex au HP yenye prosesa ya Core i3 au i5 na RAM ya GB 4, inatosha na kubaki. Ukitaka gemu za pande tatu za mwisho wa miaka ya 1990, ongeza kasi ya prosesa kwanza. Diski iwe ya SSD, hata ya GB 120 tu. Diski ya kuzunguka haipendi kabati linalopigwa ngumi na vijana, wala umeme unaokatika ghafla.

Mshindani wa kompyuta hiyo ni Raspberry Pi, kibao kidogo kilichoingia sokoni mwaka 2012. Sifa yake ni kula umeme kidogo, na hapo ndipo mahesabu ya wengi hupotoka. Tuseme Raspberry Pi na kioo chake vinatumia wati 25, na kompyuta ya ofisi na kioo wati 80. Kwa saa 10 za kazi tofauti ni uniti 0.55. Tukichukua shilingi 350 kwa uniti, hiyo ni kama shilingi 190 kwa siku, au shilingi 5,000 kwa mwezi wa siku 26.

Sasa tuseme kabati linauza michezo 40 kwa siku kwa shilingi 200, yaani shilingi 8,000. Kifaa kikifa na ukasubiri kingine siku tatu kutoka Dar es Salaam, umepoteza shilingi 24,000. Akiba ya umeme ya karibu miezi mitano imekwenda na basi. Pawa saplai au RAM ya kompyuta ya ofisi ni rahisi zaidi kuipata kwa fundi wa mjini siku hiyo hiyo. Raspberry Pi nayo, ikitumia kadi ya kumbukumbu kama ya simu, huwa katika hatari ya kuharibu mafaili umeme unapokatika katikati ya kazi. Uhaba wake wa dunia nzima wa mwaka 2021 hadi 2023 uliwafundisha wengi maana ya kutegemea kifaa kimoja.

Kompyuta ya kifahari ya gemu yenye kadi kubwa haina hata utetezi huo. Ikitumia wati 300, kwa saa zile zile 10 inakula uniti 3, yaani shilingi 1,050 kwa siku.

Kompyuta za ofisi zina jambo lingine ambalo wauzaji hawalitaji: kwenye mipangilio ya BIOS unaweza kuiamuru mashine ijiwashe yenyewe umeme unaporudi. Kijana wa kibanda hatalazimika kufungua kabati mara nne kwa siku. Laptopu iliyovunjika kioo nayo ni bahati, kwani ina betri yake na huuzwa kwa bei ya kutupa, ila hakikisha inatoa picha kwenye kioo cha nje.

Kioo kiwe cha inchi 17 au 19 cha umbo la zamani la karibu mraba. Gemu za zamani zilichorwa kwa umbo hilo, na vioo hivyo havigombaniwi tena maofisini.

Fedha utakayookoa ipeleke kwenye vitufe, mipini na kilinda umeme, kwa sababu hivyo ndivyo mteja anavyovishika na hivyo ndivyo vinavyokufa. Usishawishike kuunga vitufe kwenye kibodi ya zamani. Wachezaji wawili wakibonyeza vingi kwa pamoja, kibodi nyingi huacha baadhi, na ugomvi unaanzia hapo. Nunua kibao cha USB cha kuunganishia, kimoja kwa kila mchezaji. Kipokea sarafu huhitaji volti 12, ambazo kwa kawaida kompyuta ya mezani inazo ndani. Kwa laptopu au Raspberry Pi utaongeza adapta. Kifundishe kwa sarafu chakavu na mpya pia, la sivyo kitakataa fedha halali.

Vumbi la kiangazi upande wa Ngaramtoni na Kisongo si la mzaha. Inua kompyuta juu ya sakafu ya kabati, ziba tundu la kuingizia hewa kwa sifongo nyembamba, na uifue kila wiki.

Kuna suala la sheria ambalo mwekezaji asilipuuze. MAME yenyewe ni huru kutumika kibiashara tangu mwaka 2016, lakini gemu zinazochezwa ndani yake bado ni mali ya kampuni zake, na kunakili ya Capcom ili kuiuzia dakika ni kuvunja hakimiliki. Kununua nakala ya nyumbani nako si ruhusa ya kuikodisha. Zipo gemu ambazo waundaji wake huruhusu matumizi ya kibiashara; anza na hizo, na ruhusa iwe ya maandishi. Na kabati likianza kutoa fedha au zawadi kwa mshindi, umeingia eneo la Bodi ya Michezo ya Kubahatisha na sheria ya mwaka 2003, tofauti kabisa na leseni ya kibanda.

Dukani, kabla ya kulipa, omba kompyuta iwashwe saa moja ikiendesha gemu uliyokwenda nayo kwenye flashi. Kisha wachomoe waya ukutani, wauchomeke tena, nawe utazame kama inarudi yenyewe.