Maziwa yakikuchafua tumbo, usikimbilie chochote cheupe

KUNA watu ambao hawawezi kumaliza gilasi moja ya maziwa bila kujuta. Nusu saa au saa mbili baadaye, tumbo huanza kunguruma, hujaa gesi na kuuma, na wengine huishia kuendesha. Mtoto akilalamika, mzazi humgombeza kwamba anadeka. Mwanafunzi wa chuo naye hukimbilia duka la dawa kununua tembe za amiba. Hupata nafuu siku mbili tatu, kisha maziwa yakamrudisha pale pale.

Huenda anayesumbuka hivyo hana amiba kamwe. Maziwa yana sukari yake ya asili iitwayo laktosi. Ili mwili uitumie, utumbo mdogo hutoa kimeng'enya cha kuivunjavunja kiitwacho laktesi. Mtoto mchanga huwa nacho tele, lakini kwa watu wengi hupungua wanapoendelea kukua. Sukari ambayo haikuvunjwa huteremka hadi utumbo mpana na kuvuta maji, nao bakteria wa huko huichachusha na kutoa gesi.

Inakadiriwa kwamba thuluthi mbili hivi ya watu wazima duniani wana upungufu huo, ingawa si wote wanaoumwa. Mwaka wa 2007, watafiti wakiongozwa na Sarah Tishkoff walichapisha uchunguzi wa jamii za Kenya, Tanzania na Sudan. Walionyesha kuwa baadhi ya watu, hasa katika jamii za wafugaji, wamerithi uwezo wa kuendelea kuivunja sukari hiyo hata utu uzimani. Ndiyo maana katika ploti moja jirani hunywa maziwa lita nzima akalala fofofo, nawe kikombe kikakukesha.

Wengi wakishagundua hali yao huacha maziwa kabisa, kisha hununua kinywaji chochote cheupe kilichoandikwa 'maziwa' ya kitu fulani. Hapo ndipo pesa hupotea, na watoto hukosa walichokuwa wakipata. Kabla ya kuchagua, jiulize: maziwa yalikuwa yakinipa nini? Gilasi ya mililita 250 ya maziwa ya ng'ombe huwa na takriban gramu 8 za protini na miligramu 300 za madini ya kalsiamu, yanayojenga mifupa na meno. Kinachochukua nafasi yake sharti kikaribie hapo, au upungufu huo uzibwe kwenye sahani.

Kwanza pima kiasi chako. Acha maziwa kwa wiki mbili, kisha yarudishe kidogo kidogo pamoja na chakula. Watu wengi wenye hali hii huweza kustahimili gramu 12 hivi za laktosi kwa mara moja, nacho ndicho kiasi kilichomo katika gilasi moja. Chai yetu ya nusu maji nusu maziwa huwa na laktosi chache zaidi, na huenda isikudhuru.

Pili, jaribu maziwa mala, mursik au yogati. Bakteria wanaoyagandisha huwa wamekwisha kula sehemu ya laktosi, na uzito wake huyafanya yapite polepole tumboni. Samli karibu haina laktosi, ila pia haina protini wala kalsiamu ya kutegemewa. Katika supamaketi kubwa utapata pia maziwa ya ng'ombe yaliyotiwa laktesi. Lishe yake ni ile ile, ila huwa matamu kidogo kwa sababu sukari imekwisha kuvunjwa. Kasoro yake ni bei.

Usidanganywe kwamba maziwa ya mbuzi au ya ngamia ndiyo dawa, kwa kuwa laktosi yake inakaribia ile ya ng'ombe. Kuyachemsha hakuiondoi, wala kununua ya unga au ya paketi yanayokaa muda mrefu.

Tatu ni vinywaji vya mimea. Kwa protini, soya ndiyo inayokaribia maziwa zaidi. Unaweza kuyatengeneza nyumbani: loweka soya usiku kucha, ondoa maganda, saga na maji safi, chuja, kisha chemsha angalau dakika 20 huku ukikoroga. Usinywe yakiwa mabichi, kwani soya mbichi ina viungo vinavyozuia mwili kutumia protini. Kumbuka pia kwamba soya ya nyumbani haikuongezwa kalsiamu.

Kinywaji cha lozi kina bei ghali, na mara nyingi gilasi nzima haizidishi gramu moja au mbili za protini. Cha mchele nacho kina wanga mwingi na protini haba. Tui la nazi ni tamu kwenye wali na maharagwe, lakini lina mafuta mengi na kalsiamu kidogo. Hivi si vibaya, ila mtoto anayekua asivitegemee badala ya maziwa.

Ukinunua vya paketi, soma maandishi ya nyuma. Tafuta gramu 3 hivi za protini na miligramu 120 za kalsiamu kwa kila mililita 100, na kisiwe na sukari iliyoongezwa. Tikisa paketi kabla ya kumimina, kwa sababu kalsiamu iliyoongezwa hutuama chini.

Asiyemudu bei hizo asivunjike moyo, maana soko la mtaani lina msaada. Omena huliwa na mifupa yake, nayo ina kalsiamu na protini. Uji wa wimbi, sukuma wiki, terere na ufuta huongeza kalsiamu, nayo maharagwe na ndengu huleta protini. Spinachi ina kalsiamu, lakini mwili huipata kidogo sana kutoka kwenye mboga hiyo.

Wazazi wa watoto wachanga wawe waangalifu zaidi. Maziwa ya mama yana laktosi nyingi, na karibu kila mtoto mchanga huimudu, kwa hivyo usimwachishe mtoto kwa kushuku laktosi. Aliyetoka kuugua tumbo anaweza kuyakataa maziwa ya ng'ombe kwa muda, kisha akarudi sawa. Asiyetimiza mwaka mmoja asipewe vinywaji vya mimea vya dukani au vya nyumbani badala ya maziwa ya mama au ya kopo la watoto wachanga.

Mzio wa maziwa ni jambo tofauti, kwani huletwa na protini. Mtu akipata vipele, akivimba midomo au akishindwa kupumua, mkimbize hospitalini, na asijaribu mala wala maziwa yasiyo na laktosi. Aidha, mwone daktari ukiona damu kwenye choo, ukikonda bila sababu, au mtoto akiendelea kuendesha.

Jumamosi hii ukienda sokoni, anza na paketi moja ya mala na kipimo cha omena. Huenda hutahitaji kinywaji cha lozi hata kidogo.