Furaha ya Kujitengenezea Mshale, na Wajibu Wake

Mvuvi wa kisiwani aketipo kivulini wakati wa jioni, wavu mapajani na sindano ya mbao mkononi, hakuna mpita njia amwulizaye kwa nini hanunui wavu mwingine. Iwe ni Ukerewe au Ukara anakoziba matundu ya nyavu, iwe ni Unguja au Pemba anakosuka dema kwa fito, kila mtu ajua jibu. Wavu wa dukani ni wa kila mtu. Huu ni wake. Amepima tundu lake, amejaribu fundo lake, na siku samaki mkubwa atakapoingia, furaha ya mvuvi huyo itakuwa mara mbili: moja ya kitoweo, nyingine ya kazi ya mikono yake.

Tumeanza na mvuvi kwa makusudi. Jambo tunalotaka kulizungumza leo linaweza kuonekana kuwa liko mbali na wasomaji wetu wa visiwani, nalo ni hamu ya watu kujitengenezea wenyewe kile wanachokirusha, yaani risasi ya bunduki au mshale wa upinde. Katika Mkoa wa Simiyu, kutoka Bariadi hadi Meatu, ambako mashamba ya pamba na malisho ya ng'ombe yanapakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti na Pori la Akiba la Maswa, jambo hili si dogo hata kidogo. Ofisa wa serikali hulitazama kwa jicho la sheria, na mzee wa kijiji kwa jicho la ufundi. Twaona kwamba kila mmoja ana haki yake, lakini ni mara chache wawili hao wameketi mkeka mmoja wakasikilizana.

Yafaa kwanza tutazame mambo yalivyo ng'ambo. Katika nchi kama Marekani na Uingereza, mtu anayemiliki bunduki kihalali anaruhusiwa kujitengenezea risasi za matumizi yake, nao wako wengi wafanyao hivyo kwa mapenzi tu. Risasi kamili ina sehemu nne: ganda la shaba ya manjano, fataki iliyo kitakoni mwake, baruti iliyo ndani, na chembe ya risasi yenyewe iliyo mdomoni. Bunduki inapolia, fataki na baruti huteketea na chembe huenda zake, ganda hubaki. Nalo ganda ndilo aghalabu sehemu ya gharama kubwa kuliko zote. Kwa hiyo mlenga shabaha hukusanya maganda yake uwanjani mmoja mmoja, kama mama aokotavyo punje zilizomwagika, akaenda nayo nyumbani ili yatumike tena na tena.

Ukimwuliza kwa nini anajisumbua hivyo, jibu la kwanza atakalokupa ni uchumi. Hilo ni kweli, lakini si kweli yote, maana wengi wao hukiri kwamba fedha wanazookoa huishia kununua risasi nyingi zaidi. Jibu la pili ni shabaha. Risasi ya kiwandani imetengenezwa ili ifae katika kila bunduki ya aina yake, na yeye anataka ile inayoifaa bunduki yake peke yake. Hupima baruti kwa mizani ndogo yenye kipimo kiitwacho punje, ambacho gramu moja tu hutoa punje 15 na zaidi. Mtu aliyezoea kupima kitu kidogo namna hiyo hawezi kuwa mtu wa pupa.

Jibu la tatu, ambalo kwa maoni yetu ndilo lenye uzito, ni utulivu. Kazi hiyo haitaki mazungumzo, haitaki kileo, haitaki haraka. Kosa dogo laweza kuipasua bunduki mkononi mwa mwenyewe. Basi mtu huacha ghasia za mchana mlangoni, akaketi mezani, akaandika katika daftari kila alichokipima, na kila risasi aiwekayo kisandukuni anajua ilivyotengenezwa. Hata ikikosa shabaha, hana wa kumlaumu. Furaha ya kutokuwa na wa kumlaumu ni furaha ya mtu mzima.

Wakulima wa Bariadi wataona ajabu wakisikia kwamba wao pia wana uhusiano na meza hiyo ya ng'ambo. Baruti isiyo na moshi, iliyogunduliwa Ufaransa na Paul Vieille mwaka 1884 na kuenea duniani kote, asili yake ni nyuzi za mimea, na mojawapo ya nyuzi hizo ni pamba. Zao ambalo Msukuma hulipalilia kwa jembe ili apate ada ya shule ndilo hilo hilo ambalo viwanda vya mbali vimeligeuza kuwa nguvu ya kusukuma risasi.

Hapa kwetu Tanzania mambo ni tofauti, na ni lazima tuseme wazi ili asitokee wa kupotoka kwa kutusoma. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi, Namba 2 ya mwaka 2015, haimruhusu mwananchi kujitengenezea bunduki wala risasi bila ya leseni. Hata hivyo bunduki za kienyeji, ziitwazo magobore, zingali zinapatikana vijijini, nazo zina historia ambayo watu wa visiwani wanaijua vizuri kuliko wengine.

Katika karne ya 19, misafara ya pembe iliyotoka Unguja na pwani ya mrima ilipeleka bara shehena kubwa za bunduki za gumegume, pamoja na baruti na fataki. Mtemi Mirambo wa Unyamwezi, aliyefariki mwaka 1884, alijenga nguvu zake kwa silaha za namna hiyo. Kisha mataifa makubwa yakakutana na kutia saini Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890, ambao ulizuia bunduki za kisasa zisiingie katika eneo kubwa la Afrika, lakini ukaacha mlango wazi kidogo kwa bunduki za gumegume na baruti ya kawaida, chini ya uangalizi. Kwa maneno mengine, Mwafrika aliachiwa bunduki ya kushindilia huku mtawala akishika ya kisasa. Mafundi wa vijijini walijifunza kuitengeneza ile waliyoachiwa, na ujuzi huo ukarithiwa.

Gobore hushindiliwa na mwenyewe kila lipigwapo: baruti, kizibo, marisau, kisha fataki. Mwenye gobore ni mtu anayejitengenezea risasi kila siku, ijapokuwa hajapata kulisikia jina la mchezo huo. Hatuwezi kukana kwamba anauonea fahari ujuzi wake. Lakini fahari haizuii chuma kupasuka. Mtutu uliotokana na bomba la maji haukufanywa uhimili moto wa baruti, na anayelipa ni yeye aliyeliweka shavu lake juu ya kitako. Serikali imetangaza zaidi ya mara moja, katika miaka ya karibuni, muda wa watu kusalimisha silaha kwa hiari bila ya kushitakiwa. Wito huo ni wa busara, na tunauunga mkono bila ya kusita.

Lakini iko silaha nyingine, ya zamani kuliko gobore, ambayo furaha yake haihitaji baruti. Hiyo ni mshale. Katika Wilaya ya Meatu, na zaidi ng'ambo ya mpaka wa mkoa kuzunguka Ziwa Eyasi, wanaishi Wahadzabe, ambao mtoto wao wa kiume hushika upinde tangu angali mdogo sana. Mhadzabe huukata uti wa mshale, akauchoma kidogo motoni, akaunyosha kwa meno huku akiukazia jicho moja hadi unyooke. Chembe ya chuma huitoa katika msumari alioupata kwa kubadilishana na majirani, akaufua ukiwa baridi, jiwe chini na nyundo juu. Manyoya ya ndege huyafunga kwa ukano wa mnyama. Tena mishale si ya namna moja: uko wa mti mtupu kwa ndege na wanyama wadogo, uko wa chuma, na uko wa sumu kwa wanyama wakubwa.

Mtaalamu James Woodburn, aliyeanza kuishi nao mwishoni mwa miaka ya 1950, aliandika habari za mchezo wao wa bahati nasibu, ambapo vipande vya magome ya mti hurushwa na mishale hubadili mikono kutoka kwa mshindwa kwenda kwa mshindi. Aliona kwamba kwa mchezo huo mali haikai mahali pamoja, na hakuna ajikwezaye juu ya wenziwe. Aliyetumia siku nzima kuunyosha mshale wake aweza kuupoteza jioni, na asubuhi akaanza mwingine. Lau furaha yake ingekuwa katika kuwa nao tu, angekufa kwa huzuni. Bali sehemu kubwa ya furaha hiyo imo katika kuutengeneza.

Wasukuma nao wana urithi wao. Walikuwa na vyama vya ufundi na uwindaji, kama vile Banunguli waliowinda nungunungu na Bayeye waliojua nyoka na dawa zake, na kumbukumbu za vyama hivyo zimehifadhiwa katika makumbusho ya Bujora, karibu na Mwanza. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipozidi, wanavijiji wa Unyamwezi na Usukuma waliunda Sungusungu, na silaha yao ilikuwa upinde na mshale. Serikali haikuwadharau, mwaka 1989 Bunge lilipitisha sheria iliyowapa nafasi ndani ya utaratibu wa mgambo. Hapo mshale wa kujitengenezea ulitambuliwa kuwa chombo cha usalama wa raia, ingawa nako kulikuwa na maonevu ambayo haikufaa kuyafumbia macho.

Wapo watakaosema kwamba tunasifu kitu ambacho majangili wanakitumia. Hoja hiyo tunaiheshimu, nayo ina jibu. Upande wa magharibi wa Serengeti, silaha inayomaliza wanyama kuliko nyingine ni tanzi la waya. Tanzi halina ufundi wa kujivunia wala halihitaji shabaha. Hutegwa kwa makumi, na aliyelitega hulala nyumbani kwake huku likimnasa yeyote apitaye, mwenye mimba na mchanga, nyumbu na simba. Wengine huoza bila ya kuliwa. Anayeutengeneza mshale kwa siku nzima hautupi hovyo, kwa kuwa anajua bei yake kwa jasho lake. Na anayeuachia mshale yupo mahali hapo, anaona kwa macho yake alichokifanya. Tofauti ya watu hawa wawili ni kubwa, na askari wa wanyamapori wenye uzoefu wanaijua.

Hatusemi kwamba ufundi ni kibali. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inataka leseni kwa mwindaji na inakataza silaha zenye sumu, na sheria hiyo ifuatwe. Tunachosema ni kwamba furaha ya mikono ikizibiwa njia zote huenda ikachimba yake gizani. Ni afadhali ionyeshwe mahali pa wazi.

Kwa hiyo tuna maombi matatu kwa wakubwa wa Mkoa wa Simiyu na wilaya zake. La kwanza, habari za kusalimisha magobore zisiishie kwenye mbao za matangazo. Zisemwe kwa Kisukuma minadani na katika mikutano ya vijiji, na mzee aletaye gobore la babu yake apokewe kwa heshima, asifanywe mhalifu mbele ya wajukuu. La pili, viwanja vya Nyakabindi vya Bariadi, vilivyokuwa mwenyeji wa sherehe za Nane Nane kitaifa mwaka 2018, vitengewe siku ya mashindano ya kulenga shabaha kwa upinde, mishale isiyo na sumu, kila mshindani akitumia mshale alioutengeneza mwenyewe. Kulenga kwa upinde kulirejeshwa katika Michezo ya Olimpiki mwaka 1972 mjini Munich. Kwa nini vijana wa Simiyu wasijue kwamba mchezo wa babu zao ni mchezo wa dunia? La tatu, maofisa utamaduni wawatafute mafundi wa mishale walio hai, wayaandike majina ya miti yao na ya kila sehemu ya mshale, kabla wazee hao hawajaondoka nayo.

Na kwenu, ndugu zetu wa visiwani, tunasema kwamba jambo hili ni lenu pia. Wavu wa kununua umekwisha kuingia katika kila bandari, na kijana ajuaye kusuka dema anazidi kuwa adimu. Siku fundi wa mwisho atakapofariki, tutaendelea kula samaki, na nyama, lakini tutakuwa tumepoteza mtu aliyejua thamani ya kila anachokirusha majini au porini. Wahenga walisema mtumai cha nduguye hufa maskini. Taifa linalotumaini mikono ya wengine kwa kila kitu laweza kuupata umaskini huo likiwa na maduka yamejaa tele.