Usalama wa kazi unaandikwa katika mapatano

Ndugu mfanyakazi,

Mara nyingi ukurasa huu unakuambia: vaa kofia, funga mkanda, usipite chini ya mzigo unaoning'inia. Mashauri hayo ni ya lazima. Leo tunakuuliza jambo lingine. Kofia yako ikipasuka, nani analazimika kukupa nyingine, na kwa siku ngapi? Mashine ya kutoboa jiwe ikikosa maji, nani ana ruhusa ya kuisimamisha? Ukianza kukohoa nyuma ya miaka 10 ya kazi chini ya udongo, nani atalipa radio ya kifua chako?

Kama hujui majibu, tafuta mapatano ya pamoja ya kampani yenu uyasome. Mapatano hayo si mkataba wako wa kazi, ule uliotia sahihi peke yako siku ya kuandikishwa. Ni maandiko yanayotiwa sahihi na sendika pamoja na kampani, kwa ajili ya wafanyakazi wote. Neno lililoandikwa humo linaweza kudaiwa. Neno la mdomo linasahauliwa siku shefu mpya anapofika.

MAFUNZO YA ZAMANI

Wazee wetu walijua uchungu wa kudai bila chombo cha kudaia. Mwezi wa kumi na mbili 1941, wafanyakazi wa Union Minière waligoma kule Élisabethville, mji tunaouita leo Lubumbashi. Walitaka mshahara uongezwe. Wakati ule Mwafrika hakuwa na ruhusa ya kuunda sendika. Askari walipiga risasi juu ya watu waliokusanyika katika kiwanja cha mpira, na wengi wakafa. Kwa jirani zetu wa Zambia, iliyoitwa wakati ule Rhodesia ya Kaskazini, ilikuwa vile vile. Mwezi wa nne 1940, kwenye mgodi wa Nkana, mji wa Kitwe, watu 17 waliuawa kwa risasi.

Lakini angalia kilichofuata kule Zambia. Mwaka wa 1948 wafanyakazi walianza kuunda sendika, mgodi kwa mgodi. Mwaka wa 1949 sendika hizo ziliungana kuwa moja, chini ya Lawrence Katilungu. Mwaka wa 1952 iligoma muda wa majuma matatu, kwa utaratibu, bila fujo. Jambo likapelekwa mbele ya mwamuzi, na mwanzo wa mwaka wa 1953 mishahara ikaongezwa. Mwaka ule ule wafanyakazi walipiga kura kukataa wazee wa kabila waliowekwa kuwasemea mbele ya kampani. Walitaka kusemewa na watu waliowachagua wenyewe.

Tusidanganyane: mgomo si dawa ya kila ugonjwa. Mwaka wa 1955 sendika ile ile iligoma siku 58, na watu walirudi kazini bila kupata walichodai. Nguvu ya wafanyakazi ni matayarisho yao. Mgomo unakuja mwisho, njia nyingine zikiisha.

NAMNA YA KUJIPANGA

1. Chagueni wajumbe kwa akili. Usimpe mtu kura kwa sababu ni wa kwenu, wala kwa sababu anapiga kelele kuliko wengine. Mpe yule anayejua kazi, anayesoma mbele ya kutia sahihi, na anayerudi kuwaambia wenzake yaliyosemwa mezani, hata yakiwa mabaya.

2. Andikeni kila jambo. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na ajali ni vile vile. Kila kikosi kiwe na daftari: tarehe, saa, mahali, kitu kilichotokea, mtu aliyeumia, siku alizokosa kazi. Andikeni hata ajali iliyotaka kutokea: jiwe lililoanguka pasipo mtu, breki iliyokataa kushika. Mjumbe akisema mezani, "Watu wanaumia sana," ataulizwa, "Wangapi?" Akifungua daftari na kuonyesha kwamba mahali pamoja pameumiza watu watano katika miezi mitatu, itakuwa vigumu kumwambia kwamba anasema maneno ya upepo. Kamati ya usalama na afya ya kampani ipewe habari hizo pia, kwa maana ndiyo kazi yake.

3. Dai machache, yenye uzito. Karatasi yenye madai 40 inampa mwenzako nafasi ya kukubali yale madogo na kuacha yale makubwa. Kutaneni katika kila kikosi, ulizeni kila mtu, hata yule anayenyamaza. Kisha chagueni yale matano au sita ambayo hamtayaacha.

4. Andikeni maneno yanayoshika. Linganisha maneno haya mawili. La kwanza: "Kampani itajitahidi kuangalia afya ya wafanyakazi." La pili: "Kila mfanyakazi wa chini ya udongo atapigwa radio ya kifua mara moja kila mwaka, kampani italipa, na mfanyakazi ataonyeshwa jibu." La kwanza ni tamu, lakini hakuna anayeweza kulidai. La pili lina nani, nini, lini, na nani atalipa. Jambo hili ni la uzima na kifo. Vumbi la jiwe lililo laini kabisa halionekani kwa macho. Linaingia ndani ya mapafu na kuyatia makovu, na hakuna dawa inayoyarudisha kama zamani. Kinga ni maji kwenye mashine, hewa safi inayosukumwa chini, na kuchunguzwa mapema. Basi andikeni pia: "Mashine isitoboe bila maji, na mfanyakazi anayeisimamisha kwa sababu hiyo asiadhibiwe."

5. Jueni sheria. Sheria ya Kazi ya tarehe 16 mwezi wa kumi 2002 inatambua wajumbe wa sendika wanaochaguliwa na wafanyakazi, na inatambua mapatano ya pamoja. Mapatano yanaweza kuongeza faida ya mfanyakazi kupita sheria, hayawezi kuipunguza. Mkishindwa kusikilizana na kampani, kuna njia ya usuluhishi mbele ya mkaguzi wa kazi, kisha ya wapatanishi. Anayegoma mbele ya kufuata njia hizo anaweka wenzake wote katika hatari.

6. Msiwaache wengine nje. Siku hizi wengi wanafanya kazi kwa kampani ndogo zilizopewa sehemu ya kazi. Wanavuta vumbi lile lile, mara nyingi kwa mshahara mdogo zaidi. Wasipokingwa, na ninyi hamtakingwa muda mrefu, kwa maana ni rahisi kuweka mtu asiye na haki mahali pa mwenye haki.

NA WEWE, MAMA

Mama, wewe ndiwe unayemsikia baba akikohoa usiku. Wewe unafua nguo zilizojaa vumbi, na watoto wanalivuta wakicheza karibu nawe. Muulize mumeo: mapatano yanasema nini juu ya dawa za mke na watoto? Yanasema nini juu ya mjane na yatima, ajali ikitokea? Akikosa jibu, mtume kwa mjumbe wake. Na siku ya mkutano wa sendika, usimzuie nyumbani.

NYUMA YA SAHIHI

Siku ya kutia sahihi kazi haijaisha. Mapatano yaliyofungiwa ndani ya kabati hayamkingi mtu. Wajumbe wayasome mbele ya wote, wayaeleze kwa Kiswahili, wabandike sehemu ya usalama pale ambapo watu wanavaa nguo za kazi. Kila miezi mitatu waulize: lipi limefanyika, lipi bado? Lile ambalo bado, liandikwe katika daftari.

Ndugu, kidole kimoja hakivunji chawa. Mbele ya kushuka zamu yako ijayo, fanya mambo mawili: mtafute mjumbe wako umuombe kuona mapatano, na uulize daftari la kikosi chenu liko wapi. Kama halipo, nunueni daftari leo, mwanze na ukurasa wa kwanza.