Mama Harudi kwa Siku Moja

Katika mikutano ya matawi yetu tumezoea kuyalaani madawa ya kulevya kwa maneno makali, na wananchi hutupigia makofi. Mimi niandikaye nimefanya hivyo mara nyingi. Siku moja nilisimama jukwaani nikawaita watumiaji wa unga kupe wa jamii. Wakati huo mdogo wangu wa tumbo moja alikuwa amelala kwenye baraza ya duka lililofungwa, mahali ambapo sauti ya kipaza sauti ilimfikia. Miaka miwili baadaye aliniambia, "Kaka, nilikusikia." Nayaandika haya kwa ridhaa yake, kwani naamini nyumba nyingi visiwani humu zina siri kama hii, nasi viongozi hatuna haki ya kuyahubiri hadharani yale tunayoyaficha majumbani.

Watoto wake wawili, binti wa miaka 9 na mvulana wa miaka 4, niliwapeleka kwa bibi yao. Walipouliza habari za mama, niliwaambia kwamba amesafiri kwenda Maskati kufanya kazi. Uongo ule niliuona ni stara. Kumbe binti alikwisha kumwona mama yake sokoni akiomba, akanyamaza ili asinivunjie heshima mimi mjomba wake. Hivyo mtoto mdogo akabebeshwa mizigo miwili: aibu ya mama na uongo wa mjomba.

Ni wajibu wetu kuuelewa ugonjwa huu kabla ya kuuhukumu. Mwili uliozoea heroini ukiikosa kwa saa 8 hadi 12 huanza kudai deni lake: mifupa kuuma, kutapika, kuharisha na kukosa usingizi, hali ambayo wenyewe huiita arosto. Mateso hayo hupungua baada ya wiki moja hivi, lakini hamu huweza kudumu miezi na miaka. Sisi tulimfungia mgonjwa wetu chumbani siku 10, tukashukuru kwamba amepona. Alipotoka alirudia kipimo chake cha zamani, akazimia, pumzi ikawa inakatika, na ilikuwa bado kidogo tumzike. Hatukujua kwamba mwili uliopumzika hauhimili tena kipimo kile, na kwamba wengi hufa namna hiyo punde baada ya kutoka kifungoni au matibabuni.

Kilichomsaidia ni tiba ya methadoni, iliyoanza kutolewa Dar es Salaam mwaka 2011 na ikafika Zanzibar mwaka 2015. Mgonjwa huinywa kila siku mbele ya mhudumu wa afya. Nayo humtuliza kwa muda wa siku nzima, ilhali heroini humshika kwa saa chache tu na kumrudisha mbioni kutafuta nyingine. Wako wanaoibeza tiba hii kwa kuiita unga wa serikali. Mimi nimemwona mtu aliyekuwa akidunga sindano vichochoroni akiamka alfajiri, akioga, akipanda gari kwenda kunywa dawa yake, kisha akirudi kukaanga maandazi ya kuuza. Mwenye kubeza na aje aone.

Hata hivyo dawa humrejesha mtu katika mwili wake. Kumrejesha kwa wanawe ni kazi nyingine, na hapo ndipo nilipokosea tena. Siku ya Idi niliandaa karamu kubwa ya kuwakutanisha. Mvulana alijificha nyuma ya kanga ya bibi yake, ambaye ndiye aliyekuwa akimwita mama. Binti alijifungia jikoni. Mama yao aliondoka akilia, na usiku ule alikaribia kuirudia maskani yake ya zamani.

Mshauri wa wagonjwa alitufundisha njia iliyo ndogo zaidi: kila Ijumaa baada ya alasiri, saa moja tu, nyumbani kwa bibi, bila zawadi kubwa wala ahadi asizoziweza, na akishindwa kuja, apeleke habari mapema. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na watoto hawa waliumwa kwa ahadi. Mwezi wa tano mdogo wangu aliteleza. Hakuficha, aliungama kwangu na kwa mhudumu wake, na Ijumaa ile hakuja. Jioni binti, ambaye hadi siku hiyo alikuwa akikaa nasi barazani bila ya kusema neno, alimuuliza bibi yake, "Ijumaa ijayo atakuja?" Alikuja. Sasa binti humsubiri mlangoni na madaftari yake ya skuli.

Kutokana na hayo nasema mambo matatu. Kwanza, watoto waambiwe ukweli kwa kadiri ya umri wao: mama ni mgonjwa, anatibiwa, na kosa si lao. Pili, watoto wasifanywe fimbo ya kumchapia mama. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya mwaka 2011 inaweka mbele maslahi ya mtoto. Basi pawepo mtu mzima wa kuwalinda, na mama akiwa amelewa asiwaone, lakini mlango usifungwe milele. Mwenye kuogopa kunyang'anywa wanawe huficha ugonjwa wake hadi umuue.

Tatu, nawageukia viongozi wenzangu. Mwanamke anayetumia unga hupata matusi mara mbili ya mwanamume, ndiyo maana hachelei tu polisi, bali huchelea hata kupiga hodi hospitalini. Masheha, maofisa wa ustawi wa jamii na wakuu wa skuli wamfungulie njia ya staha, na tiba ipangwe ikijua kwamba ana watoto. Tusiseme tena "mtoto wa nyoka ni nyoka." Watoto ni amana, na mama yao pia alikuwa amana mikononi mwetu, kabla ya kumwacha kwenye baraza ile.