Kiswahili nilichojifunzia kwenye koili

Kama ulisikiliza kipindi cha wiki iliyopita, ulinisikia nikisema haraka haraka kwamba Kiswahili changu cha vifaa nilijifunzia kwenye vepu. Mwenzangu akacheka, tukaendelea. Lakini maswali yamekuwa mengi. Basi tulia nikueleze, na nikueleze pia kwa nini siku hizi jambo hilo linaninyima usingizi.

Nimezaliwa hapa hapa Minnesota. Kiswahili cha nyumbani kwetu kilikuwa cha jikoni na cha kukaripiwa: njoo ule, vua viatu, umeoga? Nilipofika miaka 28 nilikuwa na digrii mbili na sikujua bisibisi ni nini. Nilikuwa pia navuta sigara, kwa siri, nyuma ya gari, kwenye baridi ile unayoijua wewe. Rafiki yangu mmoja, nesi wa zamu ya usiku, akachoka na kikohozi changu. Akanipeleka Brooklyn Park kwa ami.

Ami si ndugu ya baba kwa damu. Ni mzee wa Mombasa, alikuwa fundi wa redio na majiko karibu na Mwembe Tayari kabla hajaja huku. Alivuta Sportsman miaka 30, akahamia vepu. Kila Jumamosi jioni besimenti yake inajaa: dereva wa lori, nesi wetu, mhasibu mmoja wa Saint Paul, na mimi. Chai ya tangawizi, mahamri, na meza imejaa waya. Watu wale hawanunui koili. Wanazizungusha wenyewe.

Kwa wale wasiojua, koili ni ule waya mdogo ulio ndani ya vepu. Unapita umeme, unapata moto, unachemsha juisi iliyonyonywa na pamba, unatoka mvuke. Basi. Sisi tunatumia Kanthal, mchanganyiko wa chuma, kromu na alumini uliotoka Sweden. Waya wa unene wa milimita 0.4 ukiuzungusha mara nane kwenye biti ya drili ya milimita 3, unapata karibu omu 1 ya ukinzani. Weka koili mbili kama hizo ubavu kwa ubavu, ukinzani unashuka hadi nusu. Waya wa mita 10 unakutolea koili kama mia. Katika jimbo hili, ambapo kodi ya bidhaa za vepu ni asilimia 95 ya bei ya jumla, ukiona mtu anajitengenezea vitu usimshangae.

Usiku wangu wa kwanza nilikaa kimya. Nilikuwa nasikiliza.

“Umezungusha mara ngapi?”

“Nane, ami.”

“Na mita yasemaje?”

“Nukta tano mbili.”

“Haya, bonyeza kidogo kidogo, tuone moto waanzia wapi.”

“Pembeni.”

“Basi bado. Ikwangue taratibu na kibano cha kauri mpaka iwake kuanzia katikati. Na hiyo skrubu kaza, mwanangu, yacheza.”

Kibano. Skrubu. Kukwangua. Kukaza. Ukinzani. Yaani kwa nusu saa nilipata maneno ambayo miaka 28 ya mezani kwa mama haikunipa. Na hakuna aliyenicheka nilipokosea, kwa sababu hakuna aliyekuwa akinisikiliza mimi. Wote walikuwa wanaitazama koili.

Hesabu nayo alinifundisha ami, na hakuanza na vepu. Alinionyesha jiko la koili alilokuja nalo kutoka Mombasa, lile lenye springi kwenye udongo. Kule umeme ni volti 240. Alipolichomeka hapa, kwenye volti 120, alidhani litapoteza nusu ya nguvu. Likapoteza robo tatu. Jiko la wati 1,000 likawa la 250, maji ya chai hayachemki. “Volti zikishuka nusu, na ampea pia zashuka nusu,” akaniambia. “Nusu ya nusu ni ngapi?” Mimi niliyefanya kozi ya fizikia chuoni nilielewa siku hiyo.

Kisha akageuza hesabu ile ile upande wa hatari. Betri yetu ya 18650 ikijaa ina volti 4.2. Koili ya omu 0.5 inaivuta ampea 8.4, wati kama 35. Sawa. Lakini kijana anayetafuta mawingu makubwa akashusha ukinzani hadi omu 0.1, anaitisha ampea 42, na betri nyingi za aina hiyo hazikutengenezwa kwa mzigo huo. Kifaa kisicho na saketi ya kulinda hakitakwambia chochote, kitalipuka tu. Mwaka 2018 mtu alikufa hivyo St. Petersburg, Florida. Mwaka 2019 mwingine akafa Fort Worth, Texas. Mimi mwenyewe Januari moja nilitia betri ya akiba mfukoni pamoja na funguo. Ikapiga shoti. Koti likaungua, na paja langu lina alama mpaka leo. Ami hakunikaripia. Alinipa kiboksi cha plastiki cha betri, akasema, “Funguo kulia, betri kushoto, na isikae uchi.”

Sasa nifike kwenye kinachoniuma.

Mwezi uliopita nilimchukua mtoto wa dada yangu, ana miaka 15, nikapitia kwa ami kuacha chombo cha mama. Nilimwambia asubiri juu. Akashuka. Akasimama nyuma yetu kama dakika kumi, akitazama mikono. Halafu akasema, kwa Kiswahili, yeye ambaye hujibu kila kitu kwa Kiingereza: “Anko, nifundishe.”

Besimenti nzima ikanyamaza. Jameni, miaka yote nimekuwa nikiomba mtoto huyu aniambie neno moja tu. Sasa amelisema, na analiombea kitu ambacho siwezi kumpa. Hapa Minnesota tangu Agosti 2020 huwezi kuuziwa vepu kama hujafika miaka 21. Jimbo liliishtaki Juul na Altria kwa ajili ya watoto wa umri wake, na mwaka 2023 kesi ikaisha kwa malipo ya dola milioni 60.5. Na sihitaji mahakama iniambie. Najua nikotini inavyoshika, kwa sababu imenishika. Mimi angalau nilikuja kwenye vepu nikitoka kwenye sigara. Yeye angeanza bila sababu yoyote.

Lakini ningemwambia “toka”, ningemfukuza pia kutoka kwenye meza pekee iliyonipa lugha.

Ami ndiye aliyesogea kwanza. Akafunika juisi zote kwa taulo, akanyanyuka na goti lake bovu, akamwambia kijana, “Twende gereji. Lete ule mfuko wa waya.”

Gereji mlango wazi, baridi inauma. Ami akakata sentimita 30 za waya wa nikromu, akaufunga kwenye upinde wa mbao. Mtoto akapima: omu 2.6. Ami akamuuliza, tukitia volti 5, tutavuta ampea ngapi? Akahesabu kwenye simu: karibu 2. Wati? Kama 10. Wakaunganisha. Kisha wakachukua ile plastiki nyeupe nyepesi inayofungiwa televisheni mpya, wakaipitisha kwenye waya. Ikakatika kama siagi.

“Ami, mbona haiwaki nyekundu?”

“Haipaswi, mwanangu. Ikiwa nyekundu itachoma badala ya kukata. Kaza hiyo skrubu, waya umelegea.”

“Skrubu gani?”

“Ya kulia. Shika bisibisi.”

Akaishika. Hakuuliza bisibisi ni nini. Ami alikuwa ameinyoosha mbele yake.

Jumamosi mbili sasa tunakutana saa tisa mchana, gereji, kabla wengine hawajafika na vepu zao. Mtoto anakata herufi za kibao cha timu yake ya roboti. Dada anajua kila kitu. Nilimweleza mwenyewe, na masharti ni yake. Saa kumi na moja namrudisha nyumbani, kisha narudi mezani. Nilianza na juisi ya miligramu 6, sasa niko 3. Sifuri sijafika. Jana mtoto alinuka koti langu kwenye gari, akaniuliza nitaacha lini.

Aliuliza kwa Kiswahili. Sikuwa na jibu, na nimemuahidi nitalitafuta kabla ya theluji kuyeyuka.