Pampu ya Joto la Ardhini: Maana, Istilahi na Matumizi

Pampu ya joto la ardhini ni mtambo unaochukua joto lililomo katika udongo au mwamba na kulipeleka ndani ya nyumba wakati wa baridi. Majira ya kiangazi yakifika, mtambo huohuo unaweza kufanya kinyume: kuondoa joto ndani ya nyumba na kulirudisha ardhini. Umeenea sana nchini Uswidi, na hutumika pia Uswisi, Kanada na Marekani.

Nyumba nyingi za Afrika Mashariki hazina haja ya mtambo wa namna hii, na ndiyo sababu Kiswahili hakijapata kuuzoea. Hata hivyo, wapo wasemaji wa Kiswahili, wakiwamo wengi waliotoka Kongo na Burundi, ambao sasa wanaishi katika nchi za baridi. Mpangaji wa aina hiyo huhitaji maelekezo anayoyaelewa, na mfasiri anayemwandalia hukuta kwamba maneno ya kila siku, yaani joto, bomba, kisima na kutoa, yanaweza kumpotosha msomaji. Makala haya yanaeleza kwanza jinsi mtambo unavyofanya kazi, kisha yanapima istilahi zake.

Jinsi mtambo unavyofanya kazi

Joto lenyewe huelekea penye baridi. Uji wa moto ukiachwa mezani hupoa, kwa kuwa joto lake huhamia hewani. Ili joto lihamishwe kutoka penye baridi hadi penye joto zaidi, lazima kazi ifanyike. Kazi hiyo hufanywa kila siku na friji: huchukua joto la vyakula na kulimwaga nje, ndiyo maana anayepitisha mkono nyuma ya friji huhisi vuguvugu. Pampu ya joto hufuata kanuni hiyohiyo, ila mahali pa vyakula pamekaa ardhi, na joto linalomwagwa ndilo linalotakiwa.

Huko Uswidi, aghalabu huchimbwa shimo jembamba katika mwamba, lenye kina cha mita 100 hadi 200. Ndani yake huteremshwa bomba la plastiki lenye umbo la herufi U, na katika bomba hilo huzungushwa maji yaliyochanganywa na alkoholi ili yasigande. Mwamba wa maeneo ya karibu na Stockholm huwa na halijoto ya nyuzi 7 hadi 9 hivi mwaka mzima, hata theluji inapofunika ua. Maji hushuka yakiwa baridi kuliko mwamba na hupanda yakiwa yameongezeka nyuzi chache tu.

Nyuzi hizo chache zinatosha. Ndani ya mtambo mna kitu kinachochemka katika halijoto ya chini sana, ambacho mafundi wa friji hukiita gesi. Joto la yale maji hukichemsha. Kompresa hukigandamiza, na kwa kugandamizwa halijoto yake hupanda. Kisha hupitisha joto lake kwa maji yanayozunguka sakafuni au katika mabomba ya ukutani, nacho hurudi kuwa kimiminika. Mwisho hupita katika vali inayopunguza mgandamizo, hupoa, na mzunguko huanza upya.

Umeme hutumika hasa kuendesha kompresa. Kwa hiyo kila uniti 1 ya umeme inayolipiwa huweza kuleta nyumbani uniti 3 hadi 4 za joto. Hakuna muujiza: uniti zilizozidi hazikuumbwa, zilikuwamo ardhini. Wazo hili si jipya, kwani Mswisi Heinrich Zoelly aliliwekea hataza mwaka 1912. Kilicholipa nguvu nchini Uswidi ni kupanda kwa bei ya mafuta kuanzia mwaka 1973, wakati ambapo nyumba nyingi zilipashwa joto kwa mafuta.

Joto na halijoto

Katika mazungumzo ya kawaida neno *joto* hubeba maana mbili: nishati inayohama, na kipimo cha ukali wake. Katika maandishi ya kitaalamu kipimo huitwa *halijoto*. Sarufi nayo inazitenga: joto *limeongezeka*, halijoto *imepanda*. Tofauti hii si ya kupuuzwa. Mwamba una halijoto ndogo, lakini una joto jingi kwa kuwa ni mkubwa mno. Mfasiri anayeandika kwamba "ardhi ina joto dogo" atamwacha msomaji akijiuliza nyumba itapashwaje joto na kitu kisicho na joto.

Jotoardhi au joto la ardhini?

*Jotoardhi* ni istilahi iliyokwisha kukita mizizi. Hutumika kwa nishati ya kina kirefu, kama ile ya Olkaria, karibu na Naivasha nchini Kenya, ambako umeme ulianza kuzalishwa mwaka 1981. Visima vya huko hufikia kilomita kadhaa kwenda chini, halijoto hupita nyuzi 200, na mvuke huzungusha mitambo ya umeme. Msomaji wa Kenya hulijua jambo hilo pia kama *kawi ya mvuke*; wa Tanzania husema *nishati ya jotoardhi*.

Shimo la uani Uswidi halina mvuke, na halizalishi umeme bali linautumia. Karibu na uso wa ardhi, joto lake hutokana zaidi na jua lililoipasha ardhi kuliko na moto wa chini kabisa. Kuyaita mambo haya mawili kwa jina moja ni kumfanya msomaji atafute volkano mahali isipokuwapo. Ni afadhali *jotoardhi* libaki kwa nishati ya kina kirefu, na *joto la ardhini* litumike kwa pampu za nyumbani. Kiambishi *-ni* hapa kina kazi: kinaonyesha mahali joto linapochukuliwa.

Pampu, bomba na kisima

*Bomba*, neno lenye asili ya Kireno, humaanisha mfereji wa kupitishia maji na pia chombo cha kuyavutia. Katika mtambo wenye vyote viwili, "bomba la joto" halieleweki. *Pampu* iwe ya kusukuma, *bomba* liwe la kupitishia. *Pampu ya joto* isomwe kwa mfano wa *pampu ya maji*, yaani pampu inayohamisha joto, wala si kwa mfano wa *maji ya moto*.

*Kisima* nacho kina mtego. Msomaji wa Afrika Mashariki akiambiwa kwamba nyumba ina kisima cha mita 150, atatarajia maji ya kuteka. *Shimo la kuchukulia joto* ni refu kidogo kwa kutamka, lakini halidanganyi.

Kutoa, kupasha na kupoza

Kitenzi chenye hatari kubwa ni *kutoa*. Sentensi "Mtambo hutoa joto chumbani" ina maana mbili zinazopingana: mtambo unakipa chumba joto, au unaliondoa humo. Kwa jiko utata huo hauna madhara, kwa kuwa jiko hufanya jambo moja tu. Pampu hufanya yote mawili. Andika *huingiza joto* au *huondoa joto*.

*Kuzalisha joto* hakufai, kwa sababu sehemu kubwa ya joto hilo haikuzalishwa na mtambo. Kitenzi kinachofaa kimo katika lugha tangu zamani: *kupasha*. Hiki ni kitenzi kilichonyambuliwa kutoka *kupata*, kama *kupisha* kutoka *kupita*. Kupasha ni kufanya kitu kipate. Anayempasha mwenzake habari hakuzibuni habari hizo; amezipokea mahali na kuzifikisha. Ndivyo pampu inavyoipasha nyumba joto.

Kwa upande wa pili, husemwa kwamba kiyoyozi "kinaleta baridi". Katika maongezi hakuna ubaya, lakini katika maelezo ya kitaalamu baridi si kitu kinacholetwa, ni upungufu wa joto. *Kupoza nyumba* ni kuondoa joto lake. Irabu ihesabiwe vizuri: *kupoza* ni kufanya kitu kipoe, *kupooza* ni kupoteza uwezo wa viungo.

Kwa nini jambo hili lina uzito

Mpangaji aliyeelezwa kwamba mtambo "unazalisha joto" atauchukulia kama jiko: atauzima akitoka na kuuwasha kwa nguvu akirudi. Lakini pampu hupasha polepole. Maji ya sakafuni mara nyingi huwa ya nyuzi 35 hivi, kiasi kwamba mkono hausikii ukali, na mtu hudhani mtambo umeharibika. Akipandisha kipimo ghafla, mitambo mingi huwasha kipashio cha akiba kinachotumia umeme moja kwa moja, na hapo kila uniti ya joto hugharimu uniti nzima ya umeme. Kitenzi kimoja kibaya huweza kuonekana katika ankara ya mwisho wa mwezi.

Mifano ya matumizi

Isiyofaa: Pampu huzalisha jotoardhi kutoka katika kisima.
Inayofaa: Pampu huchukua joto la ardhini kupitia bomba lililomo katika shimo.

Isiyofaa: Wakati wa kiangazi mtambo hutoa joto chumbani.
Inayofaa: Wakati wa kiangazi mtambo huondoa joto chumbani na kulirudisha ardhini.

Isiyofaa: Joto la sakafu ni nyuzi 25.
Inayofaa: Halijoto ya sakafu ni nyuzi 25.

Isiyofaa: Ongeza moto nyumba ipate joto haraka.
Inayofaa: Acha kipimo mahali pamoja; nyumba hupashwa joto polepole.