Feni ya Kompyuta ya Tawi: Tuchague Ipi?

Matawi mengi ya chama siku hizi yana kompyuta ya mezani. Humo ndimo yalimo majina ya wanachama, hesabu ya michango, barua tulizoandikiana na waajiri na kumbukumbu za saa za ziada tunazodai. Mashine hiyo ilinunuliwa kwa michango yetu, kwa hiyo kuitunza ni wajibu wetu sote, si wa katibu peke yake.

Katika tawi letu, ambalo ofisi yake iko ndani ya uzio wa kiwanda cha chai, kompyuta ilianza kujizima yenyewe kila ifikapo saa nane mchana. Lilikuwa juma lile lile la kutayarisha madai ya nyongeza ya mshahara. Fundi mmoja wa mjini alituambia mashine imekwisha, tununue nyingine. Tulipoifungua tukakuta feni imejaa vumbi la chai, haizunguki. Tukakimbilia dukani, tukanunua feni ya kwanza tuliyoonyeshwa. Matundu yake ya skrubu hayakulingana na ya kisanduku. Ya pili iliingia, lakini baada ya miezi michache ikaanza kulia, kisha ikasimama. Ya tatu tuliichagua kwa kujua, nayo inazunguka hadi leo. Tunaeleza hapa tuliyojifunza ili tawi lako lisilipe mara tatu kama sisi.

KAZI YA FENI

Ndani ya kompyuta kuna kipande kinachofanya hesabu zote, kiitwacho prosesa. Umeme anaoutumia hugeuka kuwa joto. Juu yake hufungwa mapezi ya alumini au shaba yanayovuta joto hilo, na feni hulipeperusha. Feni ikisimama, prosesa hupunguza mwendo ili isiungue. Joto likizidi, mashine hujizima. Basi kompyuta inayokwenda vizuri asubuhi na kuchechemea mchana, tusiihukumu kuwa imezeeka. Kwanza tutazame feni.

Kwa kawaida feni ziko mahali patatu. Ya kwanza iko juu ya prosesa. Ya pili iko kwenye ukuta wa kisanduku, nayo huingiza au hutoa hewa. Ya tatu iko ndani ya kile kisanduku kidogo kinachopokea umeme kutoka ukutani. Hii ya tatu tusiiguse. Kisanduku hicho huweza kuhifadhi umeme wa kuua hata baada ya plagi kuchomolewa. Feni yake ikifa, kibadilishwe chote, kizima kizima.

KIPIMO

Feni za kisanduku huuzwa kwa upana wa fremu: milimita 80, 92, 120 au 140. Pima kwa rula ukingo hadi ukingo. Ukipima kati ya tundu la skrubu na jirani yake, feni ya milimita 80 ina 71.5, ya 92 ina 82.5, na ya 120 ina 105. Unene wa kawaida ni milimita 25. Kama kisanduku kinakubali kubwa, chukua kubwa: huhamisha hewa ile ile kwa mwendo mdogo, na kelele hupungua. Feni ya prosesa hutegemea aina ya prosesa na namna mapezi yalivyofungwa, kwa hiyo nenda dukani na ile ya zamani mkononi.

PLAGI

Feni hizi hutumia volti 12. Zipo za tundu 3 na za tundu 4. Waya mbili ni za umeme, na wa tatu huiambia kompyuta feni inazunguka mara ngapi kwa dakika. Wa nne huipa kompyuta uwezo wa kuongeza au kupunguza mwendo kadiri ya joto. Kwa prosesa chagua ya tundu 4 kama ubao mkuu wa kompyuta unayo nafasi yake. Feni ya tundu 3 huingia pia kwenye nafasi ya tundu 4, lakini katika mashine nyingine itakwenda kasi moja tu wakati wote.

BUSHI AU GOLOLI

Hapa ndipo tulipokosea mara ya pili. Mafundi wa mitambo wanalijua jambo hili kuliko sisi. Feni ya bei ndogo huzunguka juu ya bushi ya kawaida. Ni kimya inapokuwa mpya, lakini katika joto mafuta yake hukauka, na ikilazwa chali huchakaa upesi zaidi. Feni ya beringi ya gololi hupiga kelele kidogo, ila hustahimili joto na hufanya kazi imesimama au imelala. Ipo na aina ya tatu, ambayo mhimili wake huelea katika mafuta yaliyofungiwa. Hiyo ni kimya na hudumu, lakini bei yake ni kubwa zaidi. Kwa ofisi yenye joto na isiyo na kipoza hewa, sisi tulichukua ya gololi. Kelele kidogo si hoja katika ofisi iliyo jirani na mashine za kusaga majani.

WINGI WA HEWA NA NGUVU YA KUSUKUMA

Wenzetu wanaofanya kazi ya kunyausha chai wataelewa mara moja. Feni inayopuliza uwanjani na feni inayolazimika kupenyeza hewa katikati ya majani mabichi yaliyolundikwa si kazi moja. Kompyuta ni vivyo hivyo. Feni inayotoa hewa nyuma ya kisanduku, mahali pasipo kizuizi, ichaguliwe kwa wingi wa hewa. Feni inayopuliza kwenye mapezi yaliyobanana, au inayovuta hewa kupitia wavu wa kuzuia vumbi, ichaguliwe kwa nguvu ya kusukuma. Kwenye boksi, wingi huandikwa kwa futi za ujazo kwa dakika, na nguvu kwa milimita za maji.

UPANDE WA KUFUNGA

Feni nzuri iliyofungwa kinyume ni hasara tupu. Hewa huingia upande ulio wazi wa mapanga na kutokea upande wenye vile vijiti vinavyoshika mota. Utaratibu wa kawaida ni hewa baridi kuingia mbele na ya moto kutoka nyuma au juu. Penye vumbi la chai, nyuzi za pamba au za katani, ni bora hewa inayoingia kupitia wavu izidi kidogo ile inayotoka, ili vumbi lisinyonywe kupitia nyufa. Na wavu usafishwe mara kwa mara. Unapopuliza vumbi, zima mashine, chomoa plagi ukutani, na ushike mapanga kwa kidole yasizunguke ovyo yakaharibu beringi.

KABLA YA KWENDA DUKANI

Katibu aandike kwenye karatasi mambo matano: upana wa fremu, idadi ya tundu za plagi, aina ya beringi, mahali feni itakapokaa, na kama mbele yake kuna kizuizi. Muuzaji akisema "zote ni sawa", mwonyeshe karatasi hiyo. Asipoweza kujibu, nenda duka la pili.

Feni mpya ni sehemu ndogo sana ya bei ya kompyuta mpya. Fundi anayesema mashine imekwisha bila kuifungua, aombwe kwanza aifungue mbele ya wajumbe wawili wa kamati. Fedha ya tawi ni jasho la mchumaji chai aliyekatwa mchango wake mwisho wa mwezi, naye ana haki ya kuona risiti ya feni hiyo mkutanoni.